Valvu inapogonga ringi: nati, tepu, mpira wa tyubu au oringi?

Kati ya Uyole na Isyonje barabara inapanda tu, na mtu aliye juu ya baiskeli anapata muda mwingi wa kusikiliza. Siku hiyo nilikuwa naelekea Tukuyu, kama kilomita 70 kutoka Mbeya mjini. Kila nilipopita kwenye rasta, vile vituta vidogo vya barabarani, gurudumu la nyuma lilitoa mlio mkavu: ka-ka-ka-ka, kama mtu anayegonga kijiko kwenye kikombe cha bati. Nikirudi kwenye lami laini, kimya. Nilishuka mara tatu. Nilibana spoki mbili mbili kwa vidole kuzunguka gurudumu zima, nikakaza nati za ekseli, nikatikisa keria. Hakuna kilichocheza. Nilipofika Isyonje niligeuza. Mbele yangu kulikuwa na mteremko wa Kiwira, na kichwani nilishajiaminisha kwamba ringi imepasuka mahali nisipopaona. Mteremko ule si wa kuujaribu na ringi iliyopasuka.

Kesho yake asubuhi niliipeleka baiskeli kwa fundi mzee mwenye kibanda karibu na soko la Mwanjelwa.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Inasumbua nini?”

“Nyuma inalia. Nahisi ringi imepasuka, au spoki.”

Hakushika spana wala bisibisi. Alilinyanyua gurudumu la nyuma kama shubiri moja, akaliachia lidunde. Ka! Akalizungusha mpaka valvu ikaja juu, akachukua kidole gumba changu na kukikandamiza kwenye shingo ya valvu, pale inapotokeza kwenye ringi. Akanyanyua tena, akaachia. Tairi likadunda bila mlio wowote.

“Toa kidole.”

Nikatoa. Ka!

“Ringi yako nzima, mwanangu. Ni valvu inacheza kwenye tundu lake.”

Tangu siku ile nimejaribu karibu kila dawa ya mlio huu, kwenye baiskeli yangu na za ndugu na jamaa, Mbeya na Iringa. Valvu kugonga peke yake hakutoboi tyubu wala hakuvunji ringi. Ubaya wake ni kwamba kunafunika milio mingine. Spoki inayolegea, gololi za habu zilizoishiwa grisi, raba ya breki iliyokwisha na kuanza kukwangua ringi kwa chuma chake, vyote huanza kwa mlio mdogo, na sikio lililozoea ka-ka-ka haliusikii. Ubaya wa pili uko kwenye dawa yenyewe, kwa sababu dawa ambayo wengi huikimbilia ndiyo inayoua tyubu. Kwa hiyo ninapozilinganisha nauliza swali moja: je, inainyamazisha valvu kwa kuilaza kwenye kitu laini, au kwa kuibana? Za kuilaza ndizo ninazozipenda, na sababu nitaieleza.

Kwanza hakikisha ni valvu

Kipimo cha kidole gumba nilichofundishwa Mwanjelwa kinatosha mara nyingi. Dundisha gurudumu, shika shingo ya valvu, dundisha tena. Mlio ukiisha ukiwa umeshika, umempata mwenye kosa. Lakini valvu yenyewe ina vitu vinavyoweza kulia, kwa hiyo kabla ya kutafuta tepu pitia hivi.

Toa kifuniko cha plastiki, dundisha bila kifuniko. Vifuniko vilivyopasuka hulia sana, na watu hawavishuku. Kwa valvu nyembamba ya baiskeli za mbio, angalia kijinati cha kwenye ncha. Ukishajaza upepo lazima ukirudishe chini mpaka kifunge. Ukikiacha wazi, kile kijiti cha ndani hucheza kila unapopita kwenye kokoto, na upepo unaweza kukutoka polepole. Valvu nyingine zina kiini kinachofunguka chote, nacho hulegea. Kikaze kidogo tu. Na kama kuna nati kwenye ringi, iguse: nati iliyolegea huzunguka yenyewe kwenye shingo na kulia kuliko valvu.

Kama umepitia vyote na mlio upo, zungusha gurudumu polepole sana karibu na sikio, baiskeli ikiwa imegeuzwa juu chini. Ukisikia kitu kinaporomoka ndani ya ringi, kikitulia, kikiporomoka tena, hiyo si valvu. Ni chembe ya chuma iliyobaki tangu kiwandani, au nati ya spoki iliyodondokea ndani. Toa tairi, tyubu na utepe wa ringi, kisha tikisa mpaka itokee kwenye tundu mojawapo. Hakuna tepu itakayokusaidia hapo.

Shingo na tundu lake

Valvu tunazokutana nazo huku ni za aina tatu. Kuna ile nene, sawa na ya gari na pikipiki, ambayo fundi tairi yeyote wa barabarani anaijaza kwa kompresa. Kipenyo chake ni kama milimita 8. Kuna ile ya baiskeli za mizigo za zamani, ambayo pia imejaa kwenye baiskeli za mtumba kutoka Japani: ina nati juu inayoshikilia kijiti kilichovalishwa mpira mwembamba. Hii hupita kwenye tundu lile lile la valvu nene. Na kuna nyembamba, milimita 6, ya baiskeli za mbio na za milimani zilizo ghali kidogo.

Ringi ya valvu nyembamba hutobolewa tundu la kama milimita 6.5, na ya valvu nene kama 8.5. Nusu milimita kwa macho si kitu, ila kwa sikio inatosha kabisa. Hali mbaya zaidi ni pale mtu anapokosa tyubu ya saizi yake dukani, akachukua yenye valvu nyembamba na kuiweka kwenye ringi yenye tundu la valvu nene. Hapo nafasi inakuwa milimita 2.5, na valvu inabembea kama mlango usio na komeo.

Jambo la kuelewa ni mahali inapogonga. Upepo ukiwa ndani, tyubu hukandamiza kitako cha valvu kwenye sakafu ya ringi, kwa hiyo chini pametulia. Ncha ndiyo iko huru. Ringi nyingi za kisasa zina kuta mbili, na shingo hupita matundu mawili: moja chini karibu na kitako, la pili juu upande wa habu. Hilo la juu ndilo linalogongwa. Kadiri ringi inavyokuwa na kimo kirefu ndivyo shingo inavyopata nafasi ya kuyumba, ndiyo maana ringi za mbio za kimo cha milimita 50 hulia kuliko ringi fupi. Nimeona watu wakiweka kiraka cha mpira ndani, chini ya kitako, wakitegemea mlio uishe. Kiraka hicho ni kizuri, kinalinda kitako dhidi ya makali ya tundu, lakini mlio unabaki palepale kwa sababu hukugusa tundu la juu.

Nati na tepu

Nati ndiyo dawa inayokuja na tyubu, kwa hiyo kila mtu huanza nayo. Inafanya kazi? Ndiyo, siku hiyo hiyo. Unaikaza kwa vidole mpaka iguse ringi, shingo inatulia. Haina gharama, haihitaji kutoa tairi. Pia inasaidia wakati wa kujaza: tyubu ikiwa tupu, nati huzuia valvu isizame ndani unapoikandamiza kwa mdomo wa pampu.

Tatizo ni barabara zetu. Nati inategemea msuguano wa chuma kwa chuma, na mtikisiko wa rasta na makorongo huifungua. Baada ya safari mbili tatu inalia yenyewe. Mtu anaikaza zaidi. Inalegea tena. Ndipo anachukua koleo, na hapo ndipo tyubu inapoanza kufa.

Shemeji yangu wa Iringa alifika huko. Ana baiskeli ya milimani yenye valvu nene, anaitumia kwenda Kalenga karibu kila siku, na alichoka na mlio. Akaikaza nati kwa koleo mpaka ikagoma. Wiki ile tairi lake la nyuma lilikuwa na upepo mdogo. Tairi lenye upepo mdogo, ukifunga breki au ukikanyaga kwa nguvu, huteleza kidogo kidogo juu ya ringi na kuivuta tyubu pamoja nalo. Valvu isiyo na nati, au yenye nati iliyolegezwa, hulala upande: unaiona imeinama, unajua tairi limehama, unatoa upepo na kulirudisha. Valvu iliyokazwa kwa koleo haiwezi kuinama. Mvuto wote unaishia pale shingo inapoungana na mpira. Alikuwa anapandisha kutoka Ipogolo kuja mjini tairi lilipokwisha upepo kwa mara moja. Tulipoitoa tyubu, shingo ilikuwa imeng'oka nusu ya duara, mpira umechanika kama karatasi iliyovutwa. Mahali hapo kiraka hakishiki. Tyubu nzima, isiyo na pancha hata moja, ikatupwa.

Ndiyo maana kwangu nati inakuja nyuma ya tepu, ingawa nati ni rahisi zaidi. Ukiitumia, jaza upepo wote kwanza ndipo uikaze, kwa vidole viwili tu, mpaka iguse ringi na kuishia hapo. Ukiikaza tyubu ikiwa tupu unakivuta kitako ndani ya tundu, na ukijaza upepo baadaye mpira unavutika pembeni ya shingo. Tofauti iko kwa matairi yasiyotumia tyubu: huko nati ndiyo inayoziba upepo, lazima ikazwe vizuri na isitolewe kabisa.

Tepu ninayoizungumzia ni tepu nyeusi ya umeme, ile ya kufungia nyaya, inayopatikana kila duka la vifaa vya umeme kwa bei ndogo. Kuna njia mbili za kuitumia, na zinatofautiana kuliko inavyodhaniwa.

Njia ya haraka ni kubandika kipande cha mraba juu ya tundu, upande wa habu. Unatoa tairi upande mmoja, unaivuta valvu itoke, unabandika tepu tabaka mbili, unatoboa katikati kwa ncha ya kalamu, kisha unaisukuma valvu ipite kwa nguvu. Kingo za tepu zinajikunja ndani ya tundu na kuikumbatia shingo. Dakika tano umemaliza, na huhitaji kupima chochote. Udhaifu wake ni maji. Tepu iko nje, inapigwa na mvua na matope, na ukiwa mtu wa Tukuyu au Kiwira unajua mvua ya huko haikupi nafasi ya kukauka. Pembe zinaanza kunyanyuka, vumbi linaingia kwenye gundi, mlio unarudi.

Njia ya pili inachukua muda zaidi lakini hudumu. Unaizungushia tepu shingo yenyewe, mahali hasa inapopita kwenye tundu la juu. Funga tairi na tyubu kama kawaida, jaza upepo, halafu weka alama kwa kalamu ya wino kwenye shingo pale inapotokeza. Toa upepo, toa valvu. Chana tepu kwa urefu ili upate ukanda wa kama milimita 9, maana upana wake wote ni mkubwa mno kwa kazi hii. Futa shingo kwa kitambaa kikavu, hasa ule unga mweupe unaokuja na tyubu mpya, kwa sababu gundi haishiki juu ya unga. Kisha zungusha tepu ukiivuta kidogo, sehemu kubwa ya ukanda ikiwa chini ya alama, upande wa kitako, ili ikae ndani ya tundu na si nje.

Mizunguko mingapi? Tepu ya kawaida ina unene wa kama milimita 0.15, kwa hiyo mzunguko mmoja unaongeza kama 0.3 kwenye kipenyo. Tundu la 6.5 na shingo ya 6: mzunguko mmoja na nusu, pengine miwili ukiwa umeivuta sana. Kipimo cha mwisho ni kidole chako. Valvu iingie kwa kusukumwa na gumba, ikisita kidogo. Ikipita yenyewe, ongeza. Tepu ikijikunja na kurudi nyuma kama mkono wa shati, umezidisha; punguza. Kama tundu lina makali, likwangue kwa msasa kwanza, la sivyo litaichana tepu siku ya kwanza.

Asubuhi za Juni na Julai hapa Mbeya tepu hukataa kushika kwenye chuma cha baridi. Mimi huishika valvu kwenye kiganja dakika moja kabla ya kuanza. Joto nalo lina shida yake: kwenye mteremko mrefu, kwa breki zinazobana ringi, ringi hupata moto na gundi ya tepu hulainika. Tepu huteleza kidogo na kuacha utando unaonata. Si hatari. Ni kazi ya kufuta na kuzungusha upya baada ya miezi kadhaa, basi. Ringi za breki za diski hazina shida hiyo.

Mpira wa tyubu kuukuu

Nafasi ikiwa kubwa, yaani ile ya valvu nyembamba kwenye tundu la valvu nene, tepu haifai. Ungehitaji mizunguko minane hivi, na tabaka nane za tepu ni kitu laini kinachoteleza juu ya kitu laini; baada ya wiki kimegeuka uji. Hapa mpira wa tyubu kuukuu hauna mpinzani.

Hesabu yenyewe inapendeza. Mpira wa tyubu ya kawaida una unene wa karibu milimita 1. Ukikata kipande chembamba kinachozunguka shingo mara moja bila kupandana, umeongeza milimita 2 kwenye kipenyo: 6 inakuwa 8, na tundu ni 8.5. Mzunguko mmoja au miwili ya tepu juu yake inamalizia nafasi iliyobaki na pia inaushikilia mpira usifunguke. Kata kwa wembe mpya, si kwa mkasi, ili kingo zikutane vizuri. Nimeifunga hivi baiskeli ya binti yangu, ambayo haijatoa mlio tangu hapo, na nilipoifungua kubadilisha tairi mpira ulikuwa umejichora umbo la tundu, mduara safi kabisa.

Zipo pia bushi ndogo za plastiki au mpira zilizotengenezwa kwa kazi hiyo hiyo, kuigeuza ringi ya tundu kubwa ipokee valvu nyembamba. Ukizipata nunua, ni bora kuliko kipande cha kukata mwenyewe. Tatizo ni kuzipata. Mimi nimeziona zikiwa zimebaki ndani ya ringi za mtumba mara nyingi kuliko nilivyoziona dukani. Kabla ya kuitupa ringi mbovu ya mbio, chungulia tunduni.

Matumizi mengine ya mpira ni washa. Unakata kipande cha mpira cha ukubwa wa sarafu, unatoboa katikati tundu dogo kuliko shingo (fundi viatu ana kitobolezi kizuri kuliko msumari wako wa moto), unakivisha kwenye shingo kwa nje na kukisukuma mpaka kiguse ringi. Huu ni ulinganisho wa moja kwa moja na oringi, ile pete nyembamba ya mpira, kwa hiyo niuendeleze hapo.

Washa ya mpira au oringi

Zote mbili huvaliwa nje, hazihitaji kutoa tairi, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu ambaye ana safari kesho asubuhi. Oringi unaipata kwa wauza vipuri vya pikipiki au kwa mafundi bomba. Nenda na tyubu yenyewe mkononi, vaa oringi pale pale dukani. Inatakiwa iishike shingo kwa kuvutika kidogo.

Kwa shingo yenye uzi, yaani inayopokea nati, oringi chini ya nati ni mchanganyiko mzuri kabisa. Nati inakandamiza mpira badala ya chuma, mpira unasukumwa kidogo ndani ya tundu na kuilaza shingo katikati, na kwa kuwa mpira unasukuma nati kurudi juu, nati hailegei ovyo kwa mtikisiko. Huhitaji koleo. Ukiona tu oringi imeanza kutanuka pembeni, acha. Kama nisingekuwa tayari kutoa tairi, hii ndiyo ningeifanya, na shemeji wa Iringa ndiyo anayoitumia sasa.

Kwa shingo laini isiyo na uzi, oringi peke yake inasaidia nusu. Inashika kwa msuguano tu, na mtikisiko huipandisha juu taratibu. Washa ya tyubu hufanya vizuri kidogo hapo kwa sababu ni pana na inabana zaidi, lakini nayo huhitaji kusukumwa chini kila wiki. Kwa shingo laini rudi kwenye tepu.

Nyingine kwa kifupi

Mpira unaosinyaa kwa moto, ule mafundi umeme wanaovalisha kwenye maungio ya nyaya, hufanya kazi ya tepu kwa unadhifu zaidi na hauna gundi ya kulainika. Lakini unahitaji moto karibu na tyubu. Kiberiti kwenye mkono unaotetemeka, na mpira wa tyubu sentimita tatu pembeni: mimi siwezi kumshauri mtu. Mwenye mashine ya kupuliza hewa ya moto na aendelee, akikinga tyubu kwa kitambaa kilicholowa.

Silikoni inanyamazisha kabisa, na baadaye inakuzuia kutoa tyubu njiani. Supaglu hapana. Ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, inapasuka kwa mtikisiko, mlio unarudi na uchafu juu yake, na ikidondokea mpira inauharibu. Jiti la kiberiti lililochomekwa tunduni nimeliona pia; ni sawa la kukufikisha nyumbani.

Kwa ringi ndefu ambazo valvu imeongezewa kirefusho, chanzo cha mlio mara nyingi ni kirefusho chenyewe. Zungushia tepu nyeupe ya fundi bomba kwenye uzi wa kiungo kabla ya kukifunga, inaziba upepo na kuondoa mchezo. Kisha shingo yote ipewe tepu nyeusi kwenye tundu kama nilivyoeleza. Ukipata tyubu yenye valvu ndefu ya kutosha, ya milimita 80 kwa ringi ya kimo cha 50, achana na kirefusho.

Baiskeli yako ni ipi?

Baiskeli za mizigo za Kyela na za bonde la Usangu, zile zinazobeba mchele na ndizi, zina ringi ya chuma ya ukuta mmoja. Tundu ni moja, liko karibu kabisa na kitako, shingo haina nafasi ya kuyumba. Zikilia, nenda moja kwa moja kwenye kifuniko na nati ya juu. Hakuna cha kuzungushia tepu.

Baiskeli ya mtumba ya Japani ya kwendea sokoni: vivyo hivyo, na kama ringi ni ya alumini yenye kuta mbili, oringi chini ya nati inatosha.

Baiskeli ya milimani yenye valvu nene, inayopita barabara za vumbi kwa upepo mdogo: usiifunge nati kwa nguvu hata kidogo, kwa sababu hii ndiyo inayohamisha tairi kuliko zote. Tepu kwenye shingo, na nati ibaki nyumbani kwenye kikopo.

Baiskeli ya mbio, valvu nyembamba, ringi yenye kimo: tepu kwenye shingo, mizunguko miwili, hakuna mjadala. Matairi haya hujazwa psi 80 na zaidi, hayahami kirahisi, kwa hiyo mwenye kuongeza nati na oringi haharibu kitu. Ya mtumba ambayo ringi ina tundu kubwa: mpira wa tyubu, kisha tepu.

Jambo moja linasahaulika. Tepu iko kwenye tyubu, si kwenye ringi, na siku ukipata pancha mbaya unabadilisha tyubu na tepu inaondoka nayo. Kwa hiyo mimi huzungusha shubiri mbili za tepu kwenye mwili wa pampu, ukanda ulioshachanwa kwa upana wa milimita 9, tayari. Mara ya mwisho niliihitaji Igurusi, pembeni ya barabara kuu ya kwenda Chimala, malori yakipita na kutupulizia vumbi. Kijana aliyekuwa anauza mchele alinishikia gurudumu huku ananiuliza kwa nini naivalisha valvu nguo. Nilimwonyesha kwa gumba, kama nilivyoonyeshwa: dundisha, shika, dundisha. Alicheka, akaniomba kipande cha tepu kilichobaki, akakibandika kwenye kengele ya baiskeli yake iliyokuwa inalia peke yake. Nilijaza upepo, nikaaga, na kwenye rasta za kwanza baada ya pale nilisikia tairi tu, na mnyororo ukiomba mafuta.